Mwaka 1973 Australia ilipata Nobel ya Fasihi, lakini tuzo yake kubwa ya riwaya haikutolewa. Kwa nini?

#1 MwandaniWaRiwaya
Wakuu salaam. Naleta jambo moja tulichambue hapa.

Tarehe 18 Oktoba 1973 Akademia ya Uswidi ilimtangaza Patrick White kuwa mshindi wa Nobel ya Fasihi. Siku mbili baadaye Malkia Elizabeth II akafungua Jumba la Opera la Sydney. Mwaka huohuo White alikuwa na riwaya mpya, *The Eye of the Storm*, iliyochapishwa London na Jonathan Cape. Nchi nzima ilikuwa inajitazama upya.

Sasa fungua orodha ya washindi wa Miles Franklin, tuzo yao kubwa ya riwaya. 1971: David Ireland. 1972: Thea Astley. 1974: Ronald McKie. Na 1973? Hakuna. Haikutolewa kabisa.

Hoja yangu ni hii: majaji walijua kitabu bora cha mwaka ni cha White, White alikuwa ameshasema hataki tuzo zaidi, wakaona ni aibu kumvisha taji aliyeshika nafasi ya pili. Mwenye maelezo mengine alete.

#2 Bi_Mwanakheri
Shukrani kwa uzi, ndugu yangu. Kuhusu White kukataa tuzo, uko sahihi. Alishinda Miles Franklin ya kwanza kabisa kwa *Voss* (1957), akashinda tena kwa *Riders in the Chariot* (1961). Baada ya hapo akafunga mlango. Alikataa tuzo ya Britannica Australia yenye dola 10,000, akakataa na Miles Franklin nyingine. Mwaka 1979 *The Twyborn Affair* ilipofika hatua za mwisho za Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza, alikiondoa kitabu mwenyewe, akisema wapewe nafasi vijana. Huo ulikuwa msimamo wa kudumu, wala hakuanza kukataa mwaka 1973.

#3 Kisomo_Tanga
Mleta uzi, kabla hatujaenda mbali kuna jambo la tarehe huwa linawaangusha watu. Siku hizi "Miles Franklin 2020" maana yake tuzo iliyotangazwa 2020. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka wa tuzo ulikuwa mwaka wa KUCHAPISHWA kitabu, na mshindi alitangazwa mwaka uliofuata. *Voss* ni ya 1957, lakini White alikabidhiwa 1958, na Waziri Mkuu Robert Menzies alikuwepo.

Walibadilisha utaratibu mwishoni mwa miaka ya 80. Ndiyo maana ukiangalia orodha utakuta 1988 nayo ni tupu: hapo hakuna mtu aliyenyimwa, kalenda tu imeruka. Miaka ambayo majaji hawakumpa mtu ni miwili, 1973 na 1983. Ukiona mtu ameandika "mara tatu haikutolewa", mwambie aitoe 1988.

Faida yake kwa uzi huu: tuzo ya 1973 ilihusu vitabu vya 1973. Kwa hiyo majaji walipokaa mezani, Nobel ilikuwa imeshatangazwa na *The Eye of the Storm* kilikuwa ndani ya mwaka wao hasa.

#4 MwandaniWaRiwaya
Asante Kisomo, hiyo inaipa nguvu hoja yangu. Hebu fikiri: dunia imeshamtawaza White, wewe jaji wa Sydney unampa nani?

#5 Chalinze_Vitabu
Hapana mkuu, hoja yako inaanguka kwa hesabu rahisi. Chukua kila mwaka White alipotoa riwaya huku akiwa hataki tuzo, uangalie kama Miles Franklin ilisita.

1966, *The Solid Mandala*. Tuzo ikaenda kwa Peter Mathers, *Trap*.
1970, *The Vivisector*. Akapewa Dal Stivens, *A Horse of Air*.
1976, *A Fringe of Leaves*. Akapewa David Ireland, *The Glass Canoe*.
1979, *The Twyborn Affair*. David Ireland tena, *A Woman of the Future*.

Mara nne White yupo sokoni na tuzo inatolewa kwa mwingine bila tabu. Kama aibu ya kumpa wa pili ndiyo sababu, ilikuwa wapi miaka hiyo minne? Halafu 1983 haikutolewa, na White hakuwa na riwaya yoyote mwaka huo.

#6 MwandaniWaRiwaya
Ila kati ya miaka yako minne hakuna hata mmoja ambao Nobel ilitangazwa miezi michache kabla ya majaji kukaa. 1973 ina uzito wake wa pekee.

#7 Chalinze_Vitabu
Nakubali uzito huo upo. Lakini 1976 na 1979 alikuwa tayari ni mshindi wa Nobel, na mshindi wa Nobel hatoki kwenye cheo.

#8 Mzee_Kabati
Vijana, someni wosia kwanza. Tuzo hii si ya serikali wala ya chama cha waandishi. Ni wosia wa mwanamke mmoja, Stella Maria Sarah Miles Franklin, aliyezaliwa 1879 na kufariki Septemba 1954. Alijinyima maisha yake yote, akaacha fedha chini ya wadhamini bila kumwambia karibu mtu yeyote. Tuzo ya kwanza ilikuwa pauni 500.

Wosia unadai mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, riwaya iwe na ubora wa juu kabisa wa kifasihi kwa mwaka huo. Pili, ni LAZIMA ionyeshe maisha ya Australia katika hatua yake yoyote. Ukikosa kimoja, umetoka. Mkusanyiko wa hadithi fupi hauingii. Mashairi hayaingii. Wasifu hauingii. Vitabu vya watoto haviingii.

Sasa chukueni chujio hilo mlipitishe kwenye vitabu vya 1973 vyenyewe:

*The Little Hotel* cha Christina Stead kimetoka 1973. Mwandishi mkubwa, mzaliwa wa Sydney. Hadithi yake iko kwenye hoteli ndogo Uswisi, kando ya Ziwa Geneva, baada ya Vita Kuu ya Pili. Wageni ni wazee wa Kizungu waliokimbiza akiba zao huko. Maisha ya Australia yako wapi humo? Hakuna. Kimetoka.

*The Scent of Eucalyptus* cha Barbara Hanrahan, kimetoka 1973. Hicho ni Adelaide tupu, mtoto analelewa na mama, bibi na ndugu wa kike wa bibi. Kinanukia Australia kuanzia jina. Lakini ni maisha yake mwenyewe, na wengi wanakiweka rafu ya wasifu. Kinayumba.

*The Nargun and the Stars* cha Patricia Wrightson, 1973. Kitabu cha watoto. Kimetoka, na mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Baraza la Vitabu vya Watoto.

Hadithi fupi ndiko kulikokuwa na moto wakati ule. Haziingii.

Toa hivyo vyote na kitabu cha White asiyetaka tuzo, uone mezani panabaki nini.

#9 Bi_Mwanakheri
Mzee Kabati shikamoo. Umetaja chujio vizuri, ila kuna kifungu umekiruka na ndicho kinachoniumiza kichwa. Wosia huohuo unasema kama hakuna riwaya inayostahili, tuzo INAWEZA kupewa mwandishi wa tamthilia ya jukwaani, redio au televisheni. Akaongeza sharti: isiwe kichekesho cha kubabaisha wala mchezo wa nyimbo na mizaha. Mama yule alikuwa ameshafikiria mwaka kama huu.

Na 1973 Australia ilikuwa na tamthilia za kumwaga! David Williamson alikuwa ameshawapa *The Removalists* na *Don's Party*, na mwaka huo akatoa *What If You Died Tomorrow*. Wimbi la Melbourne lilikuwa juu. Kama riwaya zilikosekana, kwa nini wasigeukie jukwaani kama wosia unavyoruhusu?

#10 Mzee_Kabati
Marahaba binti yangu. Neno ni "inaweza". Si "lazima".

#11 Kisomo_Tanga
Na hapa ndipo tuwaangalie majaji wenyewe. Miles Franklin alipanga jopo lake ndani ya wosia. Mkutubi wa Maktaba ya Mitchell ana kiti kwa cheo chake. Wengine wa mwanzo walikuwa Beatrice Davis, mhariri wa kampuni ya uchapishaji ya Angus & Robertson; Colin Roderick; mshairi Ian Mudie; na mhasibu wake mwenyewe, George Williams. Davis alikaa joponi tangu 1957 hadi 1992. Roderick naye alikaa zaidi ya miaka thelathini.

Hawa walikuwa wasomaji wa riwaya. Davis alihariri nathari na mashairi ya nchi nzima kuanzia 1937. Kumwambia mtu kama huyo ahukumu maandishi ya jukwaani ni kumtoa kwenye maji yake. Tangu tuzo ianze hadi leo hakuna tamthilia iliyowahi kupewa, hata mara moja. Kifungu kipo kwenye karatasi, hakijawahi kutembea.

#12 Nyota_ya_Pwani
Ongezea hili kuhusu Beatrice Davis, kwa sababu ni la 1973 hasa. Mwaka huo ndio alioondolewa Angus & Robertson baada ya miaka 36. Kampuni ilikuwa imenunuliwa na Gordon Barton, akaletwa mkurugenzi kijana, Richard Walsh, mambo yakabadilika. Davis akahamia kwa mchapishaji mwingine, Nelson. Kwa hiyo mmoja wa majaji wenye sauti nzito alikuwa akihukumu vitabu vya mwaka uleule dunia yake ya uhariri ilipobomolewa.

Sisemi alilipiza kisasi kwa mtu. Nasema ladha ya jopo ilikuwa ya kizazi kimoja, na uandishi wa 1973 ulikuwa wa kizazi kingine.

#13 Chalinze_Vitabu
Hapo nakuunga mkono kwa sehemu. Kizazi kipya kilikuwa Balmain, Sydney: Frank Moorhouse, Michael Wilding na wenzao. Walianzisha *Tabloid Story* mwaka 1972, jarida la hadithi fupi lisilouzwa peke yake: linabebwa ndani ya magazeti mengine kama kurasa za nyongeza. Gazeti linapata hadithi bure, mwandishi analipwa, msomaji anakutana na hadithi bila kuitafuta. Akili kubwa.

Moorhouse alikuwa anaandika hadithi fupi zinazoshikana, mhusika wa hadithi hii anapita kwenye ile. Ukimwambia jaji wa Miles Franklin "hii ni riwaya" atakataa, ukisema "ni hadithi fupi" umeshajiondoa mwenyewe. Kwa hiyo uandishi ulio hai zaidi wa miaka ile ulikaa nje ya mlango wa tuzo kwa sababu ya umbo lake. Ubora haukuwa tatizo.

#14 Mkutubi_wa_Zamu
Samahani nachepuka kidogo, lakini mmemtaja Moorhouse na 1973, siwezi kunyamaza.

Septemba 1973, maktaba ya Chuo Kikuu cha New South Wales. Mhitimu mmoja anachukua rafuni *The Americans, Baby* cha Moorhouse, anakwenda kwenye mashine ya fotokopi inayotumia sarafu, anatoa nakala mbili za hadithi moja, "The Machine Gun". Basi. Hadithi moja, nakala mbili. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Australia, ikaamuliwa 1975.

Kosa la chuo lilikuwa nini? Mashine hazikusimamiwa ipasavyo, na matangazo ya kuonya watumiaji hayakutosha. Mahakama ikasema aliyeweka mashine na vitabu pamoja, akijua itatumika kunakili, bila kuchukua hatua za maana kuzuia, huyo AMERUHUSU uvunjaji wa hakimiliki. Kosa halikuishia kwa aliyebonyeza kitufe. Kilichofuata ni wakala wa kukusanya malipo ya kunakili kupata meno, na vyuo kuanza kulipa.

Ukiona karatasi ya sheria za kunakili imebandikwa ukutani juu ya mashine katika maktaba za Australia, chanzo chake ni nakala zile mbili. Kwa mifuko ya waandishi wa kule, naona 1973 ya fotokopi ilizidi 1973 ya Nobel.

#15 MwandaniWaRiwaya
Mkutubi hujachepuka, umeongeza nyama. Mwaka huohuo serikali ya Waziri Mkuu Whitlam ilikuwa inaujenga upya ufadhili wa fasihi. Mfuko wa zamani wa fasihi ulioanza 1908 ulipisha Bodi ya Fasihi, mwenyekiti akiwa mwanahistoria Geoffrey Blainey. Waandishi wakaanza kupata ruzuku za kukaa na kuandika. Wengine walilalamika fedha za umma zinachezewa, na wakati huohuo serikali ilikuwa inanunua mchoro wa *Blue Poles* kwa dola milioni 1.3. Kelele zake zilikuwa kubwa.

#16 Chalinze_Vitabu
Ndiyo, na hiyo inanipa hoja yangu ya msingi, ambayo nilikuwa naichelewesha. 1973 ilikuwa mwaka wa pengo, kama msimu kati ya vuli na masika. Angalia waandishi wakubwa walikuwa wapi:

Thea Astley: kitabu 1972, kingine 1974. David Ireland: 1972, halafu 1974. Thomas Keneally: *The Chant of Jimmie Blacksmith* 1972, kingine 1974. Randolph Stow: yuko Uingereza, hana riwaya ya watu wazima tangu 1965 hadi 1979. Elizabeth Harrower: amenyamaza tangu 1966. Shirley Hazzard: 1970, kisha 1980. Xavier Herbert: amejifungia anaandika lile jiwe lake litakalotoka 1975. Martin Boyd: amefariki 1972. Malouf bado ni mshairi, riwaya yake ya kwanza ni 1975. Murnane, ya kwanza 1974. Carey, hadithi fupi, 1974.

Ruzuku zimeanza 1973, vitabu vinatoka 1974 na 1975. Kitabu hakiiviki kwa miezi sita. Hakuna fumbo hapa. Shamba lilikuwa limepumzishwa.

#17 Bi_Mwanakheri
Orodha nzuri sana, naihifadhi. Lakini jopo lisilotaka kutoa tuzo linaweza kuita mwaka wowote mkavu. Mwaka 1974 walimpa McKie kwa *The Mango Tree*, riwaya tulivu ya kijana anayekulia mji mdogo wa Queensland. Ukiisoma leo huoni kizingiti kilichopanda sana. Jopo lililoridhika na hiyo lingeweza kuridhika na kitu mwaka mmoja nyuma.

#18 Mzee_Kabati
Usiidharau *The Mango Tree*. Inaonyesha maisha ya Australia katika hatua yake kamili, kama mwenye wosia alivyotaka. Bibi, mjukuu, mji wa miwa, Vita ya Kwanza iko nyuma ya pazia. Kwa kipimo cha wosia, imepita bila kuinama.

#19 Ukurasa_wa_Mwisho
Nimefuatilia kimya kimya. Mzee Kabati, kigezo cha "maisha ya Australia" hakina kipimo cha sentimita. Kinategemea nani ameshika rula.

Mwaka 1994 majaji walikiondoa *Grand Days* cha Moorhouse kwa sababu hadithi iko Geneva, kwenye Jumuiya ya Mataifa, ingawa mhusika mkuu, Edith, ni Mwaustralia anayefikiri Kiaustralia kutoka ukurasa wa kwanza. Wakakiondoa na cha Elizabeth Jolley, *The Georges' Wife*, na cha Maurilia Meehan, *Fury*. Makelele yakawa makubwa. Halafu 2001 *Dark Palace*, mwendelezo wa *Grand Days*, mhusika yuleyule, Geneva ileile, kikashinda! Wosia haukubadilika hata koma.

Kwa hiyo kusema *The Little Hotel* "kimetoka" kwa sababu kiko Uswisi ni kusema jopo la 1973 lilisoma neno "lazima" kwa ugumu. Jopo lingine lingeweza kuuliza: mwandishi wa Sydney anayewatazama Wazungu wa Ulaya kwa jicho la mtu wa mbali, je, hiyo si hatua ya maisha ya Australia?

#20 Mzee_Kabati
Hapo umenibana, kwamba majaji hutofautiana. Lakini Edith yumo ndani ya kitabu. Kwenye hoteli ya Stead huna Mwaustralia wa kumshika mkono. Jicho la mwandishi si mhusika.

#21 Juma_Msomaji
Naomba kuuliza kitu cha pembeni. Kwa nini White ahesabiwe Mwaustralia wakati amezaliwa London? Na Gurnah tunamgombania kila siku humu, Zanzibar au Uingereza.

#22 Kisomo_Tanga
White alizaliwa Knightsbridge, London, 28 Mei 1912, wazazi Waaustralia waliokuwa safarini. Akarudishwa akiwa mtoto wa miezi. Wakampeleka shule Uingereza, akasoma Cambridge, vitani akawa afisa wa ujasusi wa jeshi la anga la Uingereza, Mashariki ya Kati na Ugiriki. Alexandria ndiko alikokutana na Manoly Lascaris, mwenzake wa maisha. Baada ya vita akarudi kwao kwa hiari yake. Kwa upande wa pasi hakuna ugomvi.

Gurnah ni kinyume chake: kazaliwa Zanzibar 1948, akaondoka, akaandikia Uingereza. Hata hivyo wote wawili wamewaweka wasomaji wa nyumbani kwenye mtihani mmoja: kitabu kimeandikwa kuhusu kwetu, kimechapishwa London. Sisi tulisubiri hadi baada ya Nobel ya 2021 kupata *Paradise* kwa Kiswahili, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota. Waaustralia nao, baada ya Oktoba 1973, mchapishaji ilibidi azidishe maradufu nakala za *The Eye of the Storm*.

#23 Nyota_ya_Pwani
Na maneno ya Akademia yenyewe wengi hawayatafakari. Walimsifu White kwa usimulizi wa kitendi na wa kisaikolojia "ulioingiza bara jipya katika fasihi". Jipya kwa nani? Waaborijini walikuwa na masimulizi na nyimbo za nchi ile kwa makumi ya maelfu ya miaka. Hata kwa maandishi, Oodgeroo Noonuccal, akijulikana wakati ule kama Kath Walker, alikuwa ametoa diwani yake *We Are Going* mwaka 1964. Miles Franklin yenyewe ilisubiri hadi 2000 kumpa mwandishi Mwaborijini, Kim Scott, kwa *Benang*, akigawana na Thea Astley. Tukiuliza 1973 ilikosa nini, tuweke na hili mezani.

#24 Bi_Mwanakheri
Hilo ni zito na ni kweli. Nafikiri linahitaji uzi wake, Nyota, tafadhali ufungue.

#25 Juma_Msomaji
Ahsanteni. White alikwenda Stockholm?

#26 Mkutubi_wa_Zamu
Hakwenda. Alikuwa na pumu na hakupenda hadhara. Alimtuma rafiki yake mchoraji Sidney Nolan, aliyewahi kumchorea jalada la *Voss*, kupokea kwa niaba yake tarehe 10 Desemba. Baraza la Wawakilishi la Australia likamwalika aketi ndani ya ukumbi wa Bunge kwa heshima, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu rubani Bert Hinkler mwaka 1928. Akakataa pia, akisema tabia yake haiwezi kujizoesha na hali kama hiyo.

Fedha za Nobel mwaka ule zilikuwa krona 510,000 za Uswidi. Hakuzitumia yeye. Alizifungia kwenye mfuko wa amana, faida yake ilipwe kila mwaka kwa mwandishi mkongwe wa Australia ambaye kazi yake ni kubwa na kutambuliwa kwake ni kudogo. Ndiyo Tuzo ya Patrick White. Haina fomu. Haina maombi. Mchapishaji hapeleki nakala. Kamati inatafuta yenyewe, mwandishi anapigiwa simu. Ameipanga kinyume kabisa na Miles Franklin: haina "kitabu cha mwaka", haina sharti la mandhari, na washairi wanaingia. David Campbell alipata 1975, John Blight 1976, Gwen Harwood 1978.

#27 Ukurasa_wa_Mwisho
Na wa kwanza kabisa, 1974?

Christina Stead.

Mwandishi ambaye riwaya yake ya 1973 ilikwama Uswisi kwenye chujio la Mzee Kabati, ndiye aliyepokea fedha za Nobel ya 1973. Ukiniuliza mimi, tuzo ya riwaya ya mwaka ule ilitolewa. Ilichelewa mwaka mmoja na ikatoka kwenye mfuko wa mtu mwingine.

#28 Chalinze_Vitabu
Inavutia, ila umeinyoosha mno. Tuzo ya White hupewa mtu kwa kazi ya maisha yake. *The Little Hotel* ni kitabu kidogo sana mbele ya *The Man Who Loved Children*. Kama kuna deni lililokuwa linalipwa, ni la 1967: Stead alipendekezwa kwa tuzo ya Britannica Australia, akakataliwa kwa hoja kwamba ameishi nje mno hata si Mwaustralia tena. Mwaka 1974 akarudi kuishi Australia, na mwaka huohuo White akampa ya kwanza.

#29 Ukurasa_wa_Mwisho
Kumbe tunasema jambo moja. 1967 wamemwambia yeye si wa Australia, 1973 kitabu chake si cha Australia. Rula ni ileile.

#30 MwandaniWaRiwaya
Nimesoma yote. Hoja yangu ya #1 nairekebisha: miaka minne ya Chalinze imeitoboa, ingawa sijaiacha yote. Ila kuna mtihani mmoja haujafanywa. Kisomo amesema 1983 nayo haikutolewa, na jopo bado lilikuwa na Davis na Roderick. Nitaandika orodha ya riwaya zote za 1983 nitakazopata, nizipitishe kwenye chujio la #8 moja moja, pamoja na tamthilia za mwaka huo kwa ajili ya Bi Mwanakheri. Mwenye majina aanze kuyaweka hapa chini, na mwaka wa kuchapishwa auangalie nyuma ya ukurasa wa jina, asiutoe kwenye jalada.

#31 Mzee_Kabati
Anza na Elizabeth Jolley. *Mr Scobie's Riddle* na *Miss Peabody's Inheritance*, vyote vya 1983. Cha kwanza kiko kwenye nyumba ya wazee, Australia kabisa.

#32 Bi_Mwanakheri
Basi "mwaka mkavu" tayari umepata mashaka, Chalinze.

#33 Chalinze_Vitabu
Wa 1983. Wa 1973 bado nasimama nao.